Kopi ya Swabra, Samahani Mzee

Mtu akiniambia eti Muyinga hawajui kushona, mi namuuliza tu: we umeshaona Kwaya ya Tumerudi ikiimba? Kama hujaiona, kaa hapo, funga mdomo, nikueleze. Na nikieleza sipendi kukatwa maneno.

Mi ni Zuena, wengi wananiita Mama Rachid, binti wa kwanza wa Mzee Nassoro, fundi cherehani wa Nyamugari, hapa Gitega. Ukifika mjini uliza tu kwa Mzee Nassoro, mtu wa pikipiki yeyote atakuleta mpaka mlangoni. Baba ameshona kanzu za nusu ya wanaume wanaoswali mji huu, na makoti ya harusi ya nusu nyingine. Mi sishoni. Mikono yangu haina subira, baba aliliona hilo mapema akaniondoa kwenye cherehani kabla sijaivunja. Kazi yangu ni kuongoza atelye, yaani karakana yetu ya kushona: napokea wateja, nafuatilia kazi, nagombana na wauza vitambaa. Kugombana naweza, alhamdulillah.

Anayeshona ni mdogo wangu, Swabra. Huyo ndiye aliyechukua mkono wa baba, wote, na akaongeza wa kwake. Basi siku moja akasema anataka kufungua atelye Muyinga, kwa sababu kule watu wanaongezeka, wengi wamerudi kutoka Tanzania, na mafundi hawatoshi. Baba alikataa kama anavyokataa kila kitu, kwanza kwa kukohoa.

"Binti peke yake," alisema, "unapita Karuzi yote, unaenda kukaa mji ambao hatuna hata shangazi?"

Swabra hakubishana. Yeye habishani, hiyo kazi alishaniachia mimi. Nilibishana kwa niaba yake wiki nzima, mpaka baba akachoka na sauti yangu.

"Bon. Aende," alisema. "Lakini nguo ya Muyinga na nguo ya hapa ziwe moja. Siku mtu ananiwekea mbili mezani na ninaona hii iko ya Muyinga, ile iko ya Gitega, siku ile Swabra anafunga mlango, anarudi nyumbani. Jina iko moja. Sitaki lipasuke vipande viwili."

Na baba akisema kitu hakirudishi. Ndiyo maana watu wanampa vitambaa vyao bila hofu, na ndiyo maana sisi watoto wake tunamwogopa.

Shida ilianza na michoro. Baba kila nguo anaichorea kwanza kwenye karatasi ngumu: mgongo, kifua, mkono, kola, kila kipande na vipimo vyake. Ndiyo michoro ya kukatia. Ili Swabra akate sawa na sisi, ilibidi tumtumie michoro hiyo kwa gari. Ikifika imekunjwa, ikifika imelowa, mara nyingine dereva ameikalia kutoka Gitega mpaka Muyinga. Jamani! Mtu anakalia bega la koti ya bwana harusi na bado anakuomba nauli ya mzigo.

Nikaenda mafunzo ya wanawake wafanyabiashara, na huko ndiko nilikojifunza dosiye ya mtandaoni, yaani faili la pamoja. Si kitu cha ajabu. Ni dosiye ambayo haikai kwenye ordinateri, kompyuta yangu ya hapa, wala kwenye simu ya Swabra, inakaa mtandaoni, na kila mwenye ruhusa anaifungua alipo. Baba anachora karatasini kama kawaida, mi naunakili mchoro humo. Mi naifungua Gitega, yeye anaifungua Muyinga, tunaona mchoro mmoja. Nikibadilisha kipimo hapa, kule kinabadilika hapo hapo.

Baba aliuliza swali moja tu. "Ufunguo iko kwa nani?"

"Kwako, kwangu, kwa Swabra, na kwa Matata."

Matata ni mkataji wetu mkuu wa hapa Gitega. Ni mwanamume mpole, anamwogopa baba kuliko anavyomwogopa mkewe, na mkewe mi namjua.

Baba alipoona kwamba mchoro wake unafika Muyinga kabla yeye hajamaliza chai, aliacha kukohoa. Halafu akaanza kupenda. Alikuwa anavuta kiti mbele ya ordinateri, anaangalia ile alama ndogo yenye jina la Swabra inayotokea juu akifungua dosiye. "Ameingia," ananiambia. "Umeona? Ameingia. Anaangalia kola." Na anatabasamu peke yake, mzee wa watu.

Sasa kuna kitu lazima ujue juu ya atelye yetu. Kwetu, chaki ya mkubwa haikanyagwi. Maana yake ni hii: mkubwa akishachora mstari kwenye kitambaa, na we mdogo ukaona mstari huo umekosea, huufuti. Unachora mstari wako kando, mwembamba, halafu unangoja. Mkubwa atapita, ataona mistari miwili, na kama wa kwako ni mzuri atafuta wa kwake kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna maneno, hakuna aibu. Baba alifundishwa hivyo, akatufundisha hivyo, na mezani inafanya kazi vizuri sana, kwa sababu mistari yote miwili iko mbele ya macho.

Lakini dosiye si meza. Tukaingia humo na adabu zetu zote. Hakuna aliyegusa mchoro wa baba. Mtu akitaka kurekebisha kitu, anatengeneza kopi, anaiweka kando, anaiombea radhi. Ukifungua dosiye unakuta: Koti ya harusi ya Mzee. Koti ya harusi ya Mzee, kopi ya Matata. Koti ya harusi ya Mzee, kopi ya Swabra, samahani Mzee. Kopi ya kopi ya Matata, kwa ruhusa yako Mzee. Wallahi ilikuwa dosiye yenye heshima kuliko zote Burundi. Mi nilipiga kelele: jamani, andikeni palepale, ndiyo kazi ya kitu hiki! Waliitika wote, "Ndiyo, Mama Rachid," na wakaendelea na kopi zao.

Na baba alikuwa anafungua mchoro gani? Ule wake. Matata anakata kwa upi? Ule wa Mzee. Kopi za kando zilikaa tu huko, zinapeana salamu zenyewe.

Hapo ndipo ilipokuja kazi ya Kwaya ya Tumerudi.

Hawa ni watu waliokulia kambini Tanzania, upande wa Ngara. Kwaya yao ilizaliwa huko. Siku ya kurudi Burundi, kila mtu alirudi kwenye shamba la wazazi wake: wengine Muyinga, wengine Itaba, huku kwetu. Kwaya ikakatika katikati. Kiongozi wa Muyinga ni Anatoli, mkulima, mtu mrefu mwenye sauti inayotoka chini kabisa. Kiongozi wa Itaba ni Melania, naye pia mkulima, mwanamke mfupi asiyetulia hata akikaa. Walikuwa na miaka hawajaimba pamoja. Sasa kanisa lao la Gitega lilikuwa na sherehe kubwa, na wakaamua kusimama tena safu moja, na majoho ya aina moja.

Anatoli alikwenda kwa Swabra, Melania akaja kwetu, siku moja. Anatoli alinipigia simu kwa kile Kiswahili chao kilichonyooka.

"Mama Rachid, tunaomba jambo moja tu. Tukisimama, mtu asijue nani ni wa wapi. Tulitenganishwa inatosha."

Nilimjibu amekuja mahali penyewe. Baba akachora joho: bluu, kola ya dhahabu, mkono mwembamba wa heshima, kama wanavyovaa watu wanaosimama wima mbele ya wakubwa. Mchoro mzuri, siwezi kusema uongo. Ukaingia kwenye dosiye, Matata akakata ya Itaba, Swabra akakata ya Muyinga. Kitambaa kilitoka kwenye robota moja, mi mwenyewe nilikigawa.

Watu wa Itaba wakaja kujaribu, wiki ile ile ya sherehe. Atelye ilijaa mpaka mlangoni. Wakavaa, wakajitazama, wakawa kama mawaziri. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya tumbo, anapokea sifa. Halafu Melania akasema:

"Ngojeni tuimbe kidogo, tuone nguo inavyokwenda."

Sisi hatukujua wanavyoimba. Sisi ni watu wa kasida, tunatikisika kidogo tunakaa. Hawa walianza polepole, vizuri, halafu wakafika kwenye kiitikio. Mama yangu! Mikono yote juu, miguu inaruka, mabega yanakwenda huku na huku. Na majoho ya baba yakapanda pamoja na mikono: pindo likafika magotini, mikono ya nguo ikateremka mpaka kwenye viwiko. Halafu tukasikia praaa. Mshono wa kwapani wa Melania ulikuwa umeachia wote.

Wimbo ukakatika. Melania alishusha mkono, akaufunika kwa mkono mwingine.

"Lakini wenzetu wa Muyinga wamejaribu ya kwao jana," alisema. "Wanasema wanaruka nayo bila shida."

Alimpigia Anatoli simu ya video. Anatoli alikuwa amesimama mlangoni kwa Swabra, amevaa joho lake. Melania akamwambia anyanyue mikono. Akanyanyua yote miwili, juu kabisa, na joho likakaa mahali pake kama halikusikia. Bluu ile ile, kola ile ile, na kwapani kipande kidogo cha kitambaa ambacho sisi hatukuwa nacho.

Baba alichukua simu ya Melania, akaiweka karibu na macho. Akamwangalia Anatoli, akamwangalia Melania, akamwangalia tena Anatoli. Nilijua anachotaka kusema.

"Hii iko ya Muyinga," alisema. "Ile iko ya Gitega."

"Lakini Mzee," Melania alisema, "ya Muyinga ndiyo nzuri."

"Sikusema nzuri. Nilisema moja." Akamrudishia simu. "Zuena. Ambia mdogo wako afunge."

Watu walitoka mmoja mmoja, wanapishana mlangoni. Melania peke yake alibaki, joho limepasuka, hajui kama avue. Matata aliinama juu ya meza akajifanya anatafuta mkasi ambao ulikuwa mkononi mwake.

Na mi? Mi nilichemka. Nilishamwona mawazoni mdogo wangu anafungasha cherehani zake, anarudi na lile gari, anakaa tena kwenye kona ya baba kama mtoto wa kujifunza, na watu wanasema: si tulisema? Binti, Muyinga, ameshindwa. Na mi nilikuwa najua, hata kabla ya kuangalia, kwamba Swabra hawezi kubadilisha kazi ya baba kimya kimya. Hana tabia hiyo. Nikafungua ordinateri, nikaingia kwenye dosiye, na ilikuwepo pale, imekaa kwa adabu chini ya mchoro wa baba. Joho ya kwaya ya Mzee, kopi ya Swabra, samahani Mzee. Aliiweka kabla Matata hajagusa mkasi.

"Baba, njoo."

"Nimeshasema."

"Umesema, nimesikia, majirani wamesikia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Njoo uangalie."

Akaja, kwa kukohoa. Nikamfungulia ile kopi. Mchoro ulikuwa wake, kila kitu cha kwake, isipokuwa kwapani. Pale Swabra alikuwa ameweka mraba mdogo, na kando yake ameandika: Nimeenda kuwatazama wakifanya mazoezi, baba. Wanainua mikono sana. Nimeweka kikwapa kama cha kanzu.

Baba alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Kikwapa," alisema.

Kwa asiyevaa kanzu nieleze. Kikwapa ni kile kipande kidogo kinachoshonwa kwapani, kati ya mkono na ubavu. Ndicho kinachomfanya mwanamume ainue mikono kwa takbira na kanzu isipande naye. Mtu anakivaa maisha yake yote hajui kama kipo. Baba alikuwa ameshona vikwapa tangu hajaota ndevu, na hakuna siku aliyofikiria kuviweka kwenye nguo ya kanisani.

"Mbona hakuniambia?" aliuliza.

"Amekuambia! Amekuambia hapa, kando ya mstari wako, kama ulivyotufundisha. Mezani ungeona. Humu, kando ni mlango mwingine, na we huufungui. Matata naye haufungui."

Matata aliinua kichwa. "Mi niliona, Mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Nilifungua. Ila iliandikwa kopi. Ya kwako haiandikwi kopi. Nikasema, nani mi nimuache Mzee nikate ya mtoto?"

Nikataka kumrushia futi ya kupimia. Baba alinizuia kwa jicho.

"Mkono wangu haukukosea," alisema polepole. "Kwa mtu anayesimama, uko mzuri."

"Hawasimami, baba."

Alimgeukia Melania, akamwomba joho. Melania akavua, akampa. Na baba yangu, Mzee Nassoro wa Nyamugari, mtu wa safu ya mbele msikitini, akalivaa lile joho la kwaya juu ya kanzu yake. Hakuna aliyethubutu kucheka. Akasimama katikati ya atelye, akanyoosha mgongo, akainua mikono mpaka kwenye masikio kama anaanza swala. Upande ambao haukupasuka ukampanda. Upande uliopasuka ukaning'inia. Alikaa hivyo, mikono juu, anaangalia kiwiko chake.

"Imenishika," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Hii nguo imenishika." Akashusha mikono. "Piga simu kwa Swabra."

Swabra aliitika mara moja, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akanawa. Anatoli alikuwa ameshamweleza. Mi ndiye nilianza, sikuweza kujizuia.

"We Swabra! Mungu alikupa mdomo wa kazi gani? Unaona Mzee hajaona, unaendelea kukata?"

"Dada, nilidhani ameona. Sikusikia neno, nikasema amekubali. Nilikuwa nangoja tu afute mwenyewe."

"Atafutaje kitu asichokiona? Heshima si utumwa, Swabra! Ungepiga simu hata ukanitukana mimi!"

"Zuena, toka," alisema baba, akachukua kiti changu. Aliweka simu karibu na ordinateri. "Swabra."

"Naam, baba."

"Fungua mchoro wangu. Si kopi. Wangu."

Ile alama yenye jina lake ikatokea juu. "Nimefungua, baba."

"Futa mkono."

Nilisikia cherehani ya mtu ikienda huko Muyinga, halafu ikasimama.

"Baba, siwezi. Hiyo ni chaki yako."

"Iko yangu. Kwa hiyo mi ndiye najua nani anaweza kuikanyaga. Futa."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, nikaona. Mstari wa mkono, ule aliouchora yeye mwenyewe akijisifu, ukaanza kutoweka mbele yetu, kipande kwa kipande, kutoka bega mpaka kifundo. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona mtu mwingine anafuta mstari wa baba. Halafu mahali pale pale, mstari mpya ukaanza kutoka. Hauogopi, hausimamisimami. Ulishuka kutoka begani, ukazunguka, ukafika kwapani, na ule mraba mdogo ukakaa mahali pake.

Baba alikuwa anafuata kwa kidole hewani, kama anayechora naye.

"Kubwa kidogo," alisema. "Punguza kikwapa."

Mstari ukasimama. Nikajua Swabra sasa atapunguza, kwa sababu baba amesema.

"Hapana, baba," alisema Swabra. "Kitambaa hiki hakivutiki. Tukipunguza kitawakaza tena."

Matata akaweka mkasi chini. Mi nilishika mgongo wa kiti. Baba alinyoosha mkono akachukua pindo la joho alilolivaa, akalivuta kwa vidole viwili, hivi, na hivi. Akalivuta tena.

"Iko kweli," alisema. "Acha vile."

Jamani, mi sijui kulia mbele ya watu. Lakini fahari ilinijaa mpaka nikatamani kupata mtu wa kugombana naye, nipumue. Mdogo wangu alimwambia Mzee Nassoro hapana, akiwa Muyinga, juu ya mchoro wa Mzee mwenyewe, na Mzee akaona ni haki. Nikamwambia Melania aende nyumbani alale vizuri, joho lake litakuja.

Tukafumua majoho yote ya Itaba. Vipande vilivyobaki vilitosha kukata vikwapa, kwa sababu Matata hatupi kitu. Na safari hii hakuna aliyetengeneza kopi. Swabra akiona kitu anaandika palepale, Matata anajibu palepale, na baba naye, ambaye kabla ya hapo alikuwa hagusi vitufe, alianza kuandika kwa kidole kimoja. Alimwandikia Swabra: Mshono wa ndani uwe mbili. Swabra akamjibu: Mbili. Alinisomesha jibu hilo mara kadhaa, kana kwamba lilikuwa barua ndefu.

Lakini nilipomuuliza, "Na Muyinga, baba? Inafungwa au haifungwi?" alinikazia macho.

"Nilisema ziwe moja. Tutaona Jumapili."

Jumapili, siku ya sherehe, watu wa Muyinga walifika na basi lao, Swabra yuko nao, macho yamemvimba kwa kazi. Hakumsogelea baba. Alisimama upande wa mbali wa uwanja wa kanisa, akawa anawafunga watu kola, pini ziko mdomoni. Watu wa Itaba walipotokea, kwaya mbili zikakimbiliana. Sijui niseme nini. Watu wazima walikuwa wanashikana nyuso, wanaitana majina ya utotoni, majina ya kambini. Walichanganyika mpaka usijue safu inaanzia wapi.

Baba aliingia katikati yao na fimbo yake. Alikuwa amekuja kutafuta. Mshono wa kila fundi wake anaujua, anasema ni kama sauti ya mtu kwenye simu. Alishika mkono wa kijana mmoja, akaugeuza, akapapasa kwapani, akaangalia sindano ilivyopita.

"Hii iko ya Matata," alisema.

"Mimi natoka Muyinga, Mzee," alisema yule kijana.

Baba akamwacha. Akaenda kwa mama mmoja mnene, akaomba ruhusa, akageuza pindo.

"Hii iko mkono wa Swabra. Hapo sidanganyiki."

"Mimi ni wa Itaba, Mzee wangu," alisema mama yule, akacheka.

Akajaribu kwa mwingine, na mwingine. Wapo aliowapatia, wapo aliowakosa, na nilipomwona anarudi kwangu nilijua hata wale aliowapatia alibahatisha. Akakaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, mi pembeni yake.

Wakaimba. Anatoli alianza chini, Melania akapokea juu, na walipofika kwenye kiitikio mikono yote ikaenda angani. Majoho yakabaki mahali pake. Bluu tupu, kola za dhahabu zimenyooka mstari mmoja, na hakuna mtu katika kanisa lile ambaye angeweza kusema nani alirudi wapi. Mi nikapiga vigelegele. Ndani ya kanisa, na hijabu yangu, nilipiga vigelegele mpaka mhubiri akanigeukia. Anigeukie.

Baada ya ibada, uwanjani, Anatoli alikuja na bwana mmoja mwenye miwani, kiongozi wa kwaya nyingine kubwa, na wenzake nyuma yake.

"Mzee," alisema Anatoli, "hawa wanataka majoho kama haya. Wameomba niwaonyeshe fundi mkuu, nami nimewaleta kwako."

Yule bwana akainama, akatoa mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto. Baba aliupokea mkono wake. Lakini akabaki nao, akamgeuza taratibu, mpaka akaelekea upande ule wa uwanja alikokuwa amesimama Swabra.

"Mkubwa wa kazi iko ule pale," alisema baba, na alisema kwa sauti, ili watu wasikie. "Ule binti. Mi niko fundi wake wa Gitega. Yeye anachora, mi nakata."

Swabra alisikia. Kila mtu alisikia. Alikuwa na pini mdomoni, akashindwa kuzitoa, machozi yanamshuka mpaka kidevuni. Yule bwana mwenye miwani alimwendea, akamwuliza atelye yake iko wapi.

Basi mi ndiye nilimjibu. "Iko Muyinga," nilisema. "Iko wazi. Karibuni."